Namna ya kufuatilia ajira za huduma za sekta binafsi katika jimbo la Marekani, kwa mfano wa Minnesota

Kila mwezi vyombo vya habari vya Minnesota hutangaza kwamba jimbo limeongeza nafasi elfu kadhaa za kazi, au limepoteza elfu kadhaa. Anayetaka kujua asomee nini, anayefikiria kufungua ajensi ya kuwahudumia wazee majumbani, anayeandika ripoti ya jumuiya, wote huichukua ile namba na kuondoka nayo kichwakichwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifungua namba yenyewe, ajue imetoka wapi na imewabeba akina nani.

Nimechagua Minnesota kwa sababu Wakenya wengi wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani wanapata riziki humo humo kwenye huduma: nyumba za wazee, hospitali, hoteli, maghala, maduka. Ukiwa Texas, Ohio au Massachusetts hatua ni zilezile, utabadilisha tarakimu mbili tu. Data zote ni za bure. Unahitaji kompyuta yenye Excel au Google Sheets, na subira.

Hatua ya 1: Jua nani yumo na nani hayumo

Tukae hapa kwa muda, maana makosa mengi huzaliwa hapa.

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, huzigawa ajira zisizo za shambani katika mafungu makubwa matatu. Kuna uzalishaji wa bidhaa, yaani viwanda, ujenzi, madini na ukataji wa magogo. Kuna serikali: ya taifa, ya jimbo na ya mitaa. Kilichobaki ndicho kinachoitwa huduma za sekta binafsi: biashara ya jumla na rejareja, usafirishaji, umeme na gesi, mawasiliano na habari, benki na bima, ofisi za wanasheria na wahasibu, ajensi za wafanyakazi, shule binafsi, afya, hoteli na mikahawa, hadi gereji, saluni na makanisa. Minnesota ina nafasi za kazi takriban milioni 3 kwa jumla, na zaidi ya milioni 2 ziko katika fungu hili. Kwa hiyo ukilifuatilia hili umefuatilia sehemu kubwa ya uchumi wa jimbo.

Neno "binafsi" lisikupoteze. Hapa maana yake ni "isiyo ya serikali", basi. Mayo Clinic ya Rochester, mwajiri mkubwa kuliko wote jimboni, ni shirika lisilotengeneza faida, na wafanyakazi wake wamo. Mhadhiri wa chuo cha Macalester yumo. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota hayumo, maana yeye anahesabiwa serikali ya jimbo, hata kama wote wawili wanafundisha somo moja. Vivyo hivyo, muuguzi wa hospitali inayoendeshwa na kaunti huwekwa kwenye serikali za mitaa.

Jambo linaloshangaza wengi zaidi ni kasino. Mystic Lake, kule Prior Lake, ina hoteli, mikahawa na meza za kamari, na mtu angeapa kwamba hiyo ni burudani na ukarimu. Lakini inamilikiwa na jamii ya Wahindi Wekundu ya Shakopee Mdewakanton, na kwa kanuni za BLS waajiriwa wa mashirika ya serikali za makabila huingia kwenye serikali za mitaa. Kasino ikiajiri watu mia tano kesho, mstari wako wa huduma binafsi hautatikisika.

Ajensi nazo zina mambo yake. Muuguzi msaidizi aliyeletwa na ajensi ya wafanyakazi wa muda, akavaa sare na kusukuma kiti cha mgonjwa katika nyumba ya wazee, hahesabiwi kwenye afya. Anahesabiwa chini ya huduma za kitaalamu na za biashara, kwa kuwa anayemlipa ni ajensi. Nyumba hiyohiyo ikiamua kumwajiri moja kwa moja, takwimu zitaonyesha afya imepanda kwa mtu mmoja na huduma za biashara zimeshuka kwa mtu mmoja, ilhali yeye yuko palepale, shifti ileile. Kampuni kubwa hugawanyika hivyohivyo: muuza duka wa Target yuko kwenye rejareja, na mkuu wake aliyeko makao makuu ya Minneapolis yuko kwenye huduma za kitaalamu na za biashara.

Wasiomo kabisa ni hawa: aliyejiajiri, dereva wa Uber, mwenye lori lake anayeendesha mwenyewe, mama anayelea watoto wa majirani nyumbani kwake kama biashara yake, na yaya au mfanyakazi wa ndani anayelipwa moja kwa moja na familia. Ukizingatia ni wangapi kati yetu wanaishi kwa lori au kwa Uber, hilo si pengo dogo.

Halafu kumbuka kwamba zinazohesabiwa ni nafasi za kazi, si vichwa vya watu. Anayefanya asubuhi katika nyumba ya wazee na usiku katika ghala amehesabiwa mara mbili. Na anahesabiwa pale anapofanyia kazi, si pale anapolala: anayekaa Hudson, Wisconsin, akavuka mto kila asubuhi kwenda kazini St. Paul, ni namba ya Minnesota.

Hatua ya 2: Jua zinahesabiwa lini

Namba za kila mwezi hutoka kwenye utafiti wa waajiri uitwao CES. Kitaifa huuliza biashara na ofisi za serikali zipatazo 120,000, zenye vituo vya kazi zaidi ya 600,000. Kila mwajiri huulizwa jambo moja la msingi: katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, ni watu wangapi walilipwa? Aliyelipwa hata kwa saa chache ndani ya kipindi hicho amehesabiwa. Asiyelipwa chochote hayumo.

Tarehe hiyo 12 inaeleza mengi. Mwaka 2022 wauguzi wapatao 15,000 wa Minneapolis, St. Paul na Duluth waligoma siku 3, kuanzia tarehe 12 Septemba. Ukisikia hivyo utatarajia shimo kwenye takwimu za Septemba. Lakini kwa muuguzi anayelipwa kila wiki mbili, siku 3 hazimalizi kipindi. Akiwa na shifti moja tu iliyolipwa kabla au baada ya mgomo, ametajwa kwenye orodha ya mwajiri. Mgomo huonekana kwenye namba hizi pale tu unapomeza kipindi kizima cha malipo.

Mfano mkubwa zaidi ni wa 2020. Gavana Tim Walz alifunga kumbi za mikahawa na baa kuanzia jioni ya tarehe 17 Machi. Tarehe 12 ilikuwa imeshapita. Aliyeangalia takwimu za Machi peke yake angedhani jimbo limepita salama, na kishindo kikaja na namba za Aprili. Jimbo lilipoteza nafasi zaidi ya 400,000 kati ya Februari na Aprili, na burudani na ukarimu peke yake ilipungua kwa takriban nusu.

Kwa hiyo kila unapoona tukio kwenye habari, kiwanda kufungwa au hoteli mpya kufunguliwa, jiulize kwanza limetokea kabla au baada ya tarehe 12. Maonyesho makubwa ya jimbo, State Fair, huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika siku ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba. Vibanda vyote vile vya chakula, na vijana wote wale wanaokaanga viazi, kwa sehemu kubwa hupenya katikati ya tarehe 12 mbili bila kuonekana.

Hatua ya 3: Tengeneza namba ya mfululizo

Kila mfululizo wa takwimu una namba yake yenye herufi na tarakimu 20. Ukiijua kuisoma huhitaji kuzunguka kwenye menyu za tovuti. Yetu ni hii:

SMS27000000800000001

Isome kwa vipande. SM ni takwimu za CES za majimbo na miji. S inayofuata inasema namba zimerekebishwa kimsimu, yaani zimeondolewa mawimbi ya majira ya kila mwaka (tutalirudia hili hatua ya 5); kama hazijarekebishwa, hapo pangekuwa na U. 27 ni Minnesota. Sufuri tano, 00000, ni jimbo zima. 08000000 ni huduma za sekta binafsi. 01 ya mwisho ni idadi ya waajiriwa, kwa maelfu.

Ukiwa kwingine badilisha hiyo 27 tu: Texas ni 48, Ohio 39, Massachusetts 25. Ukitaka eneo la jiji la Minneapolis na St. Paul peke yake, zile sufuri tano ziwe 33460, na utumie U, maana miji haina mifululizo mingi iliyorekebishwa kimsimu: SMU27334600800000001. Angalia tu kwamba eneo hilo la jiji linachukua pia kaunti za Pierce na St. Croix ambazo ziko Wisconsin. Hivyo usilitoe jiji kwenye jimbo ukadhani kilichobaki ni Minnesota ya vijijini.

Hatua ya 4: Pakua

Njia nyepesi ni FRED, hifadhi ya data ya tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani. Bandika namba ile kwenye sehemu ya kutafutia, grafu itatokea, kisha pakua faili la Excel au CSV. Tovuti ya BLS yenyewe inatoa kitu kilekile. Na idara ya ajira ya jimbo, DEED, ina ukurasa wake wa kuchagua sekta na miaka, pamoja na maelezo ya kila mwezi yanayoandikwa na watu wanaolijua jimbo. Hayo maelezo yasome, lakini baada ya kupiga hesabu zako.

Takwimu za taifa hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Za majimbo hufuata baada ya wiki mbili hivi. Serikali kuu ikifunga ofisi, ratiba yote huvurugika, kama ilivyokuwa mwaka 2025 ilipofungwa kwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba.

Namba ziko kwa maelfu. Ukiona 2,150.4 maana yake ni 2,150,400.

Hatua ya 5: Chagua kati ya S na U, usichanganye

Minnesota ina majira makali, na ajira zake hupanda na kushuka nayo. Desemba maduka hujaa vibarua, Januari huwaachisha. Juni hoteli za kando ya maziwa huajiri, Septemba huwaaga. Namba za U zinaonyesha hali kama ilivyokuwa. Namba za S zimeondolewa yale mawimbi ya kila mwaka ili ubaki na kisicho cha kawaida.

Tuseme kila Januari sekta fulani huachisha watu 12,000, na Januari hii imeachisha 10,000. U itaonyesha hasara ya 10,000. S itaonyesha ongezeko la 2,000. Zote mbili ni kweli, zinajibu maswali tofauti. Ukilinganisha mwezi na mwezi uliotangulia, tumia S. Ukilinganisha Machi hii na Machi ya mwaka jana, U inatosha na mara nyingi ni bora, kwa kuwa haijapitia mikono ya mtakwimu. Kuchukua Machi ya S ukaitoa kwenye Februari ya U ni upuuzi, na nimeona hilo likifanyika kwenye slaidi za watu wenye digrii.

Hatua ya 6: Piga hesabu tatu

Safu ya A weka miezi, ya zamani juu, mpya chini, kuanzia mstari wa 2. Safu ya B weka namba za S. Kisha:

Safu ya C, badiliko la mwezi. Kwenye C3 andika =B3-B2.

Safu ya D, wastani wa miezi mitatu ya mabadiliko hayo. Kwenye D14 andika =AVERAGE(C12:C14).

Safu ya E, badiliko la mwaka kwa asilimia. Kwenye E14 andika =B14/B2-1, uipe muundo wa asilimia.

Vuta fomula hadi chini. Sasa ziangalie kwa mpangilio huu: E kwanza, halafu D, C mwisho kabisa. Magazeti hufanya kinyume chake, na ndiyo maana mwezi mmoja jimbo "linapaa" na mwezi unaofuata "linazama". C ni sampuli ya mwezi mmoja katika jimbo moja. Badiliko la nafasi elfu mbili au tatu katika milioni mbili linaweza kuwa kelele tupu za sampuli, yaani mtikisiko unaotokana na kuuliza baadhi tu ya waajiri, na BLS wenyewe huchapisha kiwango cha kosa cha kila jimbo ili usidanganyike. Mimi sisemi chochote kuhusu mwelekeo hadi D iwe imebaki upande mmoja kwa miezi kadhaa na E iwe imeanza kuifuata.

Hatua ya 7: Lipasue fungu

Jumla inaweza kutulia huku ndani mna vurugu. Rudi kwenye namba ya mfululizo, ondoa 08000000, uweke moja baada ya nyingine: 40000000 biashara, usafirishaji na umeme, 50000000 habari na mawasiliano, 55000000 fedha, bima na majengo, 60000000 huduma za kitaalamu na za biashara, 65000000 elimu na afya, 70000000 burudani na ukarimu, 80000000 huduma nyinginezo. Ukitumia U, hizi saba zikijumlishwa zitakupa jumla ileile, ukiacha tofauti ndogo za desimali. Zisipolingana, umekosea tarakimu mahali.

Katika Minnesota makubwa mawili ni elimu na afya, na biashara na usafirishaji. Kila moja lina nafasi zaidi ya nusu milioni. La afya lichimbe zaidi: 65622000 ni hospitali, 65623000 ni nyumba za wazee na makazi ya uangalizi, 65624000 ni huduma za jamii. Tofauti hii ni muhimu kwa anayechagua kozi. "Afya inaajiri" inaweza kumaanisha hospitali zinazotaka muuguzi mwenye leseni, au huduma za majumbani zinazochukua mtu baada ya mafunzo mafupi, na mishahara ya hizo mbili haikaribiani.

Kisha toa afya kwenye jumla, uone kilichobaki. Kitaifa, katika mwaka 2024 na 2025, afya na huduma za jamii zilibeba sehemu kubwa sana ya ongezeko la ajira. Ukikuta jimbo lako linakua kwa afya peke yake na mengine yote yamelala, hiyo si habari sawa na jimbo linalokua kila upande, hata kama E zao zinafanana.

Hatua ya 8: Linganisha na sensa ya waajiri

Karibu kila mwajiri hulipa kodi ya bima ya kukosa kazi, na kila robo mwaka hutuma kwa jimbo hesabu ya wafanyakazi na mishahara. Kutokana na mafaili hayo hupatikana hesabu iitwayo QCEW, inayofunika zaidi ya asilimia 95 ya nafasi za kazi za Marekani. Hii si sampuli, ni hesabu ya mmoja mmoja. Inakupa mishahara, na inashuka hadi ngazi ya kaunti: unaweza kuona Hennepin, Olmsted au Stearns kwa sekta.

Gharama yake ni ucheleweshaji wa takriban nusu mwaka. Pia pale ambapo mwajiri mmoja anatawala sekta nzima ya kaunti, namba hufichwa kulinda siri zake, kwa hiyo usishtuke ukikuta nafasi tupu kwenye kaunti ndogo. Tumia CES kujua upepo unavuma wapi leo, na QCEW kuhakiki kama ulivuma kweli.

Hatua ya 9: Jiandae kwa marekebisho

Namba ya mwezi wa karibuni ni ya awali. Mwezi unaofuata hurekebishwa baada ya waajiri waliochelewa kujibu. Halafu mara moja kwa mwaka, karibu Machi, takwimu zote za jimbo husukwa upya kwa kulinganishwa na sensa ile ya hatua ya 8. Sababu haina siri: sampuli haiwezi kuiona biashara iliyofunguliwa juzi, na iliyofungwa hujulikana kwa kuchelewa, hivyo zote mbili hukadiriwa.

Ukubwa wa marekebisho unaweza kutisha. Agosti 2024 BLS walitoa makadirio kwamba ajira za taifa za Machi mwaka huo zilikuwa pungufu kwa 818,000 kuliko zilivyotangazwa. Hesabu ya mwisho ilipotoka mwanzoni mwa 2025, pengo lilikuwa karibu 600,000. Agosti 1, 2025, siku ambayo ripoti mpya ilipunguza namba za Mei na Juni kwa 258,000, Rais Trump alimfukuza kazi kamishna wa BLS, Erika McEntarfer, akidai namba zimepikwa. Hakutoa ushahidi. Marekebisho yamekuwa sehemu ya kazi hii tangu zamani, yanafuata kanuni zilizochapishwa, na anayefuatilia jimbo ataona yake madogo kila mwezi.

Kwa upande wako jambo la kufanya ni hili. Usifute safu ya zamani unapopakua data mpya. Bandika namba mpya kwenye safu ya pembeni, uandike juu yake tarehe uliyopakua. Marekebisho ya Machi yakitoka, chukua mfululizo mzima upya tangu mwanzo, kwa maana hata miaka ya nyuma inaweza kuguswa, kisha toa safu ya zamani kwenye mpya, mwezi kwa mwezi. Tofauti utakazoziona ndizo kipimo chako cha mwaka unaofuata: kama namba za huduma za jimbo lako zilisogea kwa elfu kumi baada ya sensa, basi badiliko la elfu tatu kwenye safu ya C ya Aprili lisikukoseshe usingizi.